Alama Nne za Patasi

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili ni la binti yangu. Lilikuwa la hisabati. Kurasa kumi na moja za mwanzo zina hesabu zake na tiki nyekundu za mwalimu. Siku naondoka alilisukuma ndani ya begi langu akasema, "Baba, nimechoka na 'salama tu' zako za kwenye simu. Andika. Ukirudi nitasoma mwenyewe." Mimi niliishia darasa la sita. Herufi zangu ni kubwa kama za mtu anayepiga kelele, lakini zinasomeka.

Basi mwanangu, leo nimepewa mashine.

Miezi minne nimevunja mawe shimoni. Leo asubuhi msimamizi, ambaye sote tunamwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kichwa, amenipandisha juu kwenye banda la pampu. Kuna injini ya dizeli ya silinda nne. Inavuta maji ya mvua kutoka shimoni na kuyamwaga ng'ambo ya kilima. Mvua zimeanza, na shimo likijaa watu arobaini hawana kazi.

Nikamuuliza, "Bosi, kwa nini mimi?"

"Kwa sababu huna maneno mengi. Na aliyekuwepo ameiba dizeli."

Aliyekuwepo ni Mkimya, ninayelala naye chumba kimoja, kitanda chake ukutani, changu mlangoni. Kumbe muda wote huu nalala na mwizi. Nimehamisha redio yangu ndogo chini ya mto.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Injini imekataa mara sita, ya saba ikawaka. Moshi mweupe.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Moshi.

Jumanne, 12 Machi

Leo nieleze banda, maana ndipo ninaposhinda. Bati juu, kuta hakuna. Injini iko katikati juu ya sakafu ya zege. Pembeni yake kuna nguzo nne fupi za zege zinazofika kifuani kwangu, zimefunikwa na bamba la zege, juu yake hapana kitu. Ni kama meza waliyoisahau mafundi. Mimi naanika shati hapo.

Dizeli haipo bandani. Tangi liko hatua thelathini kutoka hapa, bondeni kidogo, ndani ya stoo yenye mlango wa chuma na makufuli mawili. Kutoka huko unakuja mpira mwembamba mweusi unaotambaa ardhini hadi kwenye injini. Ufunguo anao Mama Stoo. Huyu mama hacheki. Kila asubuhi na kila jioni anachovya fimbo ya kupimia ndani ya tangi, anaisoma, anaandika kwenye daftari lake, kisha ananiangalia mimi kana kwamba nimeficha lita mbili mdomoni.

Leo nimemsalimia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Fimbo imeshuka."

"Injini inakula, mama."

"Inakula, au inalishwa wengine?"

Nikarudi kwenye injini yangu. Sina ugomvi na mwanamke mwenye makufuli mawili.

Ijumaa, 15 Machi

Fundi wa kampuni amekuja. Anaitwa Daktari, kwa sababu anaweka bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, anafumba macho, anasikiliza. Ukimwona utadhani injini ina mimba.

"Taimingi imechelewa," akasema.

Akanionyesha pampu ya nozeli, chuma cha ukubwa wa ngumi mbili kilichofungwa ubavuni mwa injini. Ndiyo inayopiga sindano za dizeli kwenye kila silinda. Kusema kweli Daktari akipata msikilizaji hufundisha vizuri. Alichuchumaa, akachora kwa kidole kwenye vumbi.

"Dizeli inatakiwa ifike ndani kabla kidogo pistoni haijafika juu. Ikichelewa, haiungui ikaisha. Inatoka nje mbichi. Ndiyo huo moshi mweupe, na ndiyo maana injini inakula sana na haina nguvu. Umenipata?"

"Nimekupata, fundi. Na nani anaiambia iwahi?"

Akacheka. "Swali zuri. Humu ndani kuna kipistoni kidogo. Kinasukumwa na presha ya dizeli yenyewe iliyojaa ndani ya pampu. Injini ikiongeza mwendo, presha inapanda, kipistoni kinasogea, sindano inawahi. Mwendo ukishuka, kinarudi."

"Sasa kwa nini hii inachelewa?"

"Uzee, ndugu yangu. Hata wewe utachelewa."

Akalegeza nati tatu, akaizungusha pampu yote kidogo kuelekea injini, akakaza. Moshi ukapungua palepale. Kisha akachukua patasi na nyundo, akakwaruza alama mpya kwenye ukingo, pampu na injini zinapokutana, ili ajue alipoiacha.

Nilipopafuta kwa kitambaa baada ya yeye kuondoka, niliona kwamba alama hiyo ni ya nne. Tatu nyingine ziko nyuma yake, zimepangana kama ngazi, kila moja mbele ya mwenzake kwa unene wa ukucha.

Nikajiuliza, chuma hiki kinazeeka kwa ngazi?

Jumapili, 17 Machi

Moshi umepungua. Nimelala mchana. Mkimya kafua nguo zake na zangu bila kuulizwa. Nimeona haya, nimeirudisha redio mezani.

Jumatano, 20 Machi

Moshi umerudi, mzito kama wa jiko lenye kuni mbichi. Injini inahema. Maji shimoni yamefika kwenye magoti ya wavunja mawe wa upande wa chini.

Saa nne Kofia akaja na Mama Stoo nyuma yake, na karatasi mkononi.

"Fimbo inasema dizeli inaondoka zaidi kuliko msimu uliopita," Kofia akasema. "Mvua ileile, shimo lilelile. Saini hapa."

"Nasoma kwanza."

"Unasoma nini? Maneno ni yaleyale. Wenzako wawili walisaini."

Nikasoma, polepole, kidole kikitembea. Iliandikwa kwamba mimi, mwangalizi wa pampu, nimekiri kuchukua dizeli ya kampuni kwa matumizi yangu, na kwamba naomba radhi. Chini mstari mtupu.

"Bosi, hii inasema nimeiba."

"Ukisaini unarudi shimoni kuvunja mawe, tunayamaliza kimya kimya. Usiposaini unarudi kwenu. Ninakupa hadi mwisho wa mwezi."

"Sikuiba."

"Hakuna mwizi aliyewahi kusema ameiba."

"Na asiyeiba anasema nini, bosi? Nifundishe, nami niseme hivyo."

Mama Stoo akainua macho kutoka kwenye daftari lake, mara moja tu. Kofia akaiacha karatasi juu ya meza ya zege na jiwe juu yake. Mwanangu, nimevunja mawe, nimelala sakafuni, nimekula mabaki. Lakini neno hilo siliweki jina langu chini yake ulisome siku moja.

Jumamosi, 23 Machi

Kazi nusu siku. Nilimkuta Mkimya ameketi kitandani anashona kiatu. Nikamuuliza bila kuzunguka.

"Ulisaini ile karatasi?"

"Nilisaini."

"Uliiba?"

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Sikuiba hata ya kuwashia taa."

"Sasa ulisaini nini, ndugu yangu?"

"Mama alikuwa mgonjwa nyumbani. Nisingeweza kurudi mikono mitupu." Akanyamaza, nikadhani amemaliza. Maana huyu mtu maneno yake ya wiki hutosha kwenye kiganja. Kisha akaendelea. "Zamani tangi lilikuwa pale juu ya meza ya zege. Injini ilikuwa haitoi moshi hata kidogo. Dereva mmoja wa lori akaiba dizeli, kweli aliiba, akafukuzwa. Kofia akasema tangi lifungiwe stoo. Tangu lifungiwe, kila mwangalizi ni mwizi. Aliyenitangulia, mimi, na sasa wewe."

"Na zile alama?"

"Ya kwanza niliikuta. Ni ya waliofunga injini. Ya pili alipigiwa aliyenitangulia. Ya tatu ni yangu. Hiyo ya nne ni yako."

Wiki tatu nimekilaza kichwa changu hatua mbili kutoka kwa mtu huyu nikimhesabu mwizi. Nikamwomba radhi. Akasema, "Nipe mkasi."

Jumatatu, 25 Machi

Nimekaa naitazama injini kama mtu anayemtazama ng'ombe anayekohoa. Daktari alisema kipistoni kinasukumwa na presha ya dizeli iliyojaa. Je, isipojaa? Tangi liko chini. Mpira ni mrefu na mwembamba. Injini inavuta kwa nguvu zake, kama mtu anayekunywa uji kwa mrija wa hatua thelathini. Inachopata kinatosha kuwaka. Hakitoshi kusukuma.

Nimeukagua mpira wote kwa kutambaa. Haujalowa popote. Nikakata tamaa, kisha nikakumbuka kwamba mpira unaosukuma ndio unaovuja nje. Unaovuta, tundu lake linaingiza hewa ndani, na nje unabaki mkavu kama ulivyonunuliwa.

Jumanne, 26 Machi

Waashi wanaojenga ofisi wana mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule wa kupimia usawa kwa maji. Nimeazima kipande, nimekiunga kwenye njia inayorudisha dizeli ya ziada kutoka kwenye pampu. Injini ikiwaka, nikaona. Mapovu! Yanapita mfululizo, kama soda.

Kisha nikaielekeza njia hiyo kwenye chupa ya lita moja na kuanza kuhesabu. Nilihesabu hadi mia mbili na kumi ndipo chupa ikajaa, na nusu yake ilikuwa povu.

Nimeandika namba hiyo kwenye nguzo ya zege kwa mkaa. Mia mbili na kumi.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua kubwa. Nimemwendea Mama Stoo.

"Mama, naomba lita ishirini kwenye dumu."

"Za nini?"

"Niliweke dumu juu ya meza ya zege, injini inywe kutoka juu badala ya kuvuta kutoka kwako."

"Nikikupa naandika."

"Andika, mama. Andika na saa."

Akaniangalia kwa muda. Akafunga kufuli la kwanza, akafunga la pili. "Kesho," akasema. "Leo fimbo nimeshachovya."

Ijumaa, 29 Machi

Leo nimekaribia kuiua injini.

Saa mbili asubuhi nilipandisha dumu, nikateremsha mpira mfupi mnene hadi kwenye pampu, nikatoa upepo kwa kulegeza nati hadi mapovu yakaisha. Mpira mweupe ulikuwa safi, dizeli imejaa kama maji kwenye glasi. Nikawasha. Ikashika mara ya kwanza! Mara ya kwanza, mwanangu, nikapiga kofi. Moshi hakuna. Nikaweka chupa, nikahesabu. Sitini na tano, ikajaa.

Basi nikaongeza mwendo, ili ianze kuvuta maji.

Ikaanza kugonga. Sijui niandikeje sauti ile. Kama watu wanne ndani ya pipa la chuma, kila mmoja na nyundo, wote wana hasira. Bati la banda likatetemeka. Kule shimoni wavunja mawe waliinua vichwa. Niliizima upesi.

Kofia alifika mbio, Daktari nyuma yake, maana kwa bahati yangu mbaya ndiyo siku aliyokuja kwa lori.

"Umefanya nini?"

"Nimeipa dizeli, bosi."

"Umeiua!" Daktari akaweka bisibisi kwenye injini iliyozimwa, sijui akisikiliza nini. "Nani alikuambia uguse njia ya mafuta? Wewe ni mtu wa mawe!"

"Nilikuwa nimejaribu..."

"Kujaribu ni kazi ya wenye vyeti," akasema. "Rudisha mpira ulivyokuwa."

Wakanisimamia nikarudisha. Injini ikakataa mara nane, ya tisa ikawaka, moshi wake ukarudi, na Daktari akaniambia kwa upole unaouma, "Unaona? Hii imezoea hivi."

Kofia akaichukua karatasi chini ya jiwe, akaikung'uta maji. "Jumanne," akasema. "Ofisini. Saini au begi."

Mchana kutwa nilikaa kwenye meza ya zege, mvua inanipiga mgongoni, nimenuna. Nilikuwa sahihi na nilikuwa nimekosea, na sikujua mpaka kati ya hayo mawili uko wapi. Dizeli ilikuwa nyingi. Presha ilikuwepo. Moshi uliisha. Kwa nini basi ikagonga?

Jumapili, 31 Machi

Nimempigia mama yako. Nilitaka kumwambia huenda nikarudi mapema, nikashindwa kuanza. Kwa hiyo akaanza yeye.

"Mwanao juzi kafika shule geti limefungwa, hata mlinzi hajaamka."

"Kwa nini?"

"Si ile saa yetu ya ukutani? Ilikuwa inachelewa, unakumbuka, nikawa kila wiki naisogeza mbele ili twende sawa. Nikaitia betri mpya. Sasa haichelewi tena, lakini nilisahau kwamba nilikuwa nimeisogeza. Mtoto kaondoka nyumbani nusu saa kabla ya watu."

Nikaiweka simu kitandani, nikafungua daftari hili pale nilipoandika zile alama nne.

"Baba nanihii? Upo?"

"Nipo. Mke wangu, wewe ni fundi."

"Fundi wa nini? Umekunywa?"

"Rudisha saa nyuma," nikamwambia. "Irudishe ilipokuwa mwanzo kabisa."

"Si nimesharudisha! Unadhani nakungoja wewe?"

Jumanne, 2 Aprili

Nitaandika kirefu, mkono uniume.

Mvua ya jana haikukatika. Asubuhi maji shimoni yalifika kifuani. Kompresa kubwa ya kutobolea mawe ilikuwa kwenye jukwaa la chini, maji yamebakiza shubiri mbili kuifikia. Watu arobaini wamesimama ukingoni, hawana pa kushuka. Injini inatoa moshi mweupe na maji inayotoa ni kama ya bomba la bustani.

Kofia aliniita ofisini. Karatasi mezani, kalamu juu yake. Daktari yupo, Mama Stoo yupo na daftari lake.

"Saini tumalize. Nina shimo linalozama."

"Bosi, nipe nusu saa kwenye injini. Nikishindwa, nabeba begi mwenyewe, wala sitaomba nauli."

Daktari akacheka. "Akagonge tena?"

"Fundi," nikasema, "ulinifundisha wewe. Ulisema presha ya dizeli ndiyo inayosukuma kipistoni, ndipo sindano iwahi. Ulisema hukusema?"

"Nilisema."

"Tangi likiwa bondeni, na mpira unanyonya hewa, presha haipo. Kipistoni hakisogei. Sindano inachelewa. Wewe ukaja ukaizungusha pampu ili kufidia. Mwaka uliofuata mpira ukachoka zaidi, ukafidia tena. Na mwaka huu tena. Ijumaa mimi nimeipa dizeli ya kutosha, kipistoni kikasogea kama kilivyoumbwa, na juu yake kuna fidia zako tatu. Ikawahi mno. Ndiyo maana ikagonga. Injini haijazeeka. Ina kiu."

Daktari akasema, "Darasa la ngapi wewe?"

"La sita."

"Inaonekana."

"Na wewe la ngapi, ukashindwa kuuliza kwa nini?"

Kofia akapiga meza. "Basi! Dizeli imeondoka, haijaondoka? Fimbo haisemi uongo."

Hapo ndipo Mama Stoo alipofungua mdomo. Alisema taratibu, kama anayesoma orodha. "Fimbo haisemi uongo. Inasema dizeli inaondoka wakati injini inawaka tu. Usiku haishuki hata alama moja. Jumapili haishuki. Miaka mitatu nimeandika. Mlango una makufuli mawili na funguo ninalala nazo. Kama huyu kaiba, kaniibia mimi nikiwa macho. Je, na mimi nisaini?"

"Mbona hukusema siku zote?" Kofia akauliza.

"Hukuniuliza. Uliniambia nichovye fimbo."

Mtu akapiga kelele kutoka nje kwamba maji yamegusa magurudumu ya kompresa. Kofia akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Nusu saa," akasema. "Dakika moja ikizidi, begi."

Tulikimbia. Mkimya alikuwa tayari bandani na spana mkononi, hakuna aliyemwita. Mama Stoo alileta dumu mwenyewe, begani. Tulilipandisha juu ya zege, tukaunga mpira mfupi, tukatoa upepo. Kisha nikalegeza nati tatu. Nikaifuta ile sehemu kwa kitambaa. Alama nne. Niliirudisha pampu, ikapita ya nne, ya tatu, ya pili, nikailinganisha na ile ya kwanza, iliyofifia, nyembamba, ambayo waliofunga injini waliiacha kabla ya Kofia kuwa na makufuli. Nikakaza.

"Washa," nikamwambia Mkimya. Nilimpa yeye. Alistahili.

Ikashika mara ya kwanza.

Nikaongeza mwendo, robo, nusu. Nilikuwa nimekunja uso nikingoja nyundo. Hazikuja. Nikaifungulia yote. Ikaunguruma kwa sauti moja nzito iliyonyooka, na kwenye bomba la moshi hapakutoka kitu, hewa tu inayotetemeka kwa joto. Kule ng'ambo ya kilima bomba la maji lilitapika, likajaa, likasimama kama mkono. Wale wa ukingoni wakapiga mbinja.

Daktari akaweka bisibisi sikioni. Akafumba macho muda mrefu. Alipoyafumbua akasema kwa sauti ya chini, kwangu peke yangu, "Mimi huja na lori, naondoka na lori. Tangi silionagi." Halafu akageuka kwa Kofia, akapaza, "Nilivyodhani. Ilikuwa njia ya mafuta."

Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Alhamisi, 4 Aprili

Shimo liko kavu. Kompresa imepona. Chupa: sitini na tatu.

Ijumaa, 5 Aprili

Kofia ameniita tena. Karatasi nyingine, mpya. Hii haisemi nimeiba. Inasema nimegusa mtambo bila idhini, nakiri kosa, naomba radhi.

"Hii ni ya faili tu," akasema. "Ofisi kuu wanataka karatasi. Saini, ubaki na pampu yako."

"Idhini ulinipa wewe. Nusu saa."

"Siwezi kuandika kwamba nilimpa mvunja mawe injini."

"Na ile ya Mkimya? Na ya yule wa kabla yake? Zinabaki kwenye faili?"

"Wao walisaini. Wewe usijifanye wakili."

Nikachukua kalamu, akatabasamu. Kwenye ule mstari mtupu, kwa herufi zangu kubwa, nikaandika: SIKUIBA. MKIMYA HAKUIBA. ALAMA YA KWANZA NDIYO SAHIHI.

"Hapo ni pa saini!" Kofia akasema.

"Saini yangu naitumia kwa mambo ya kweli. Hayo ndiyo ya kweli."

Uso ukamvimba. Akaniambia nishuke shimoni nikachukue nyundo yangu. Kunifukuza hakuweza, maana wale arobaini walikuwa dirishani.

Jumatatu, 8 Aprili

Mawe. Mikono imesahau, malengelenge yamerudi.

Jumatano, 10 Aprili

Mkimya ndiye mwangalizi tena. Hawana mwingine anayeijua injini. Tangi kubwa limerudishwa juu ya zege, limejengewa kizimba cha chuma, makufuli mawili. Mama Stoo anapanda ngazi kuchovya fimbo. Leo alipopita ukingoni alinitupia kifurushi cha mkate. Hakucheka. Alisema tu, "Fimbo imetulia."

Jumapili, 21 Aprili

Nilimdharau Mkimya, nikamwogopa Mama Stoo, nikamheshimu Daktari. Nilikosea kuhusu wote watatu kwa pamoja. Jifunze hapo, mwanangu, mimi nimejifunza nikiwa na mvi.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua zinaelekea mwisho. Daktari amekuja na lori. Tulimwona kutoka chini akiingia bandani na patasi yake. Nasikia ofisi kuu walimtaka aandike ripoti, na ripoti ikaonyesha kwamba alama zake tatu zilikuwa makosa, na yeye akaona afadhali pampu ikutwe kwenye alama yake, angalau ile ya pili, apunguze aibu.

Mara tukasikia sauti ambayo hakuna aliyekuwa anaijua. Ilipita juu ya injini, juu ya nyundo, ikashuka hadi kwenye kuta za mawe.

"USIIGUSE!"

Nyundo arobaini zilisimama. Mzee mmoja kando yangu akauliza, "Nani huyo?"

"Mkimya," nikasema.

"Kumbe anaongea?"

Hatukusikia jibu la Daktari. Tulimwona akitoka, bisibisi mfukoni, patasi mkononi, akapanda lori. Injini haikubadili sauti hata kidogo, nzito, iliyonyooka, haina moshi. Mtu wa kwanza akaanza kupiga nyundo kwa kuifuata, kisha wa pili, kisha sote.

Jumapili, 12 Mei

Mvua imekatika siku nne. Mkimya amekuja na karatasi mbili zilizokunjwa, yake na ya aliyemtangulia. Mama Stoo ndiye aliyezitoa kwenye kabati la faili. Alimwambia, "Nimeandika kwamba zimeliwa na panya. Na nimeandika saa." Tumewashia jiko la chai kwa karatasi hizo. Zilishika moto upesi.

Ile ya kwangu Mama Stoo ameiacha mle mle. Nilimwambia aiache. Atakayefungua faili hilo, mwaka wowote, akitafuta kwa nini injini haitoi moshi, atakuta herufi kubwa za mtu wa darasa la sita. Saini yangu bado hawana.